"Injinia, huyu naye ni wewe, ila huyu habishi" NIMEVULIWA NGUO LEO WAKUU

Wakuu habari za jioni, kwangu mimi si nzuri. Naandika niko kwenye daladala ya Mbagala nimesimama kwa mguu mmoja, mkiona herufi zimeruka mjue ni mashimo, sijalewa.

Yule mzee wa V8 nyeupe, mnamjua tu, hakuna saiti mjini hapa ambayo hajaacha deni kwa mama ntilie. Ndo huyohuyo.

Asubuhi kaniita ofisini kwake nikagonge muhuri michoro. Naifungua nakuta ghorofa 4 nilizompigia hesabu mwaka juzi leo zimekuwa 7, msingi uleule, nguzo zilezile, na nondo nilizoandika za milimita 16 zimegeuka za 12. Yani jengo limenenepa mwili afu miguu imekonda. Nikamwambia mzee hapa sigongi, turudi tupime udongo, turudie hesabu, afu majibu ya zile kyubu za zege, vile vipande vya kupima nguvu ya zege baada ya siku 28, mpaka leo sijayaona na slabu ya pili ishamwagwa. Nimeongea kwa adabu wakuu, shikamoo nne nimetoa kwenye kikao kimoja.

Mzee wala hakukasirika. Akafungua droo. AKAFUNGUA DROO. Akatoa muhuri una jina langu, una namba yangu ya usajili, hadi ile herufi ya mwisho ambayo kwenye muhuri wangu wa halali imeshafutika, kwake inasomeka safi kabisa. Afu mbele ya fomeni na dada wa chai akaniambia, "Injinia, huyu naye ni wewe, ila huyu habishi."

HUYU HABISHI.

Miaka 4 chuo, miaka 3 nazunguka na helmeti kusubiri bodi inisajili, kiapo nimekula mkono juu mama yangu anapiga vigelegele, leo kipande cha mpira cha elfu kumi na tano ndo mfanyakazi mwenzangu na ananizidi nidhamu. Dada wa chai kacheka hadi chai ikamwagikia michoro, na nahisi ndo maji pekee ambayo jengo lile limewahi kumwagiliwa.

Na wakati anasema alikuwa anatafuna karanga. Sijui kwa nini ila zile karanga ndo zimeniuma zaidi. Huyu habishi, krach krach krach.

Siku likidondoka atatafutwa nani, mpira?

Kokoto Nusu: Pole mkuu, ila nimecheka kwanza ndo nikasikitika.

Fundi Karai: Nyie mainjinia acheni unafiki. Nina miaka 19 saiti, injinia huwa namuona mara mbili, siku ya kumwaga zege na siku ya mheshimiwa kutembelea, na zote anapiga selfi. Ratio ya saruji na mchanga tunapanga wenyewe kwa karai. Leo umechongewa muhuri ndo unakumbuka kyubu?

Mleta uzi: Mkuu mimi saiti naenda. Mada ni droo. Mzee kasema HUYU HABISHI.

Fundi Karai: Kwani kakosea? Hebu ona unavyobisha.

Wakili wa Kijiweni: Tuache utani kidogo. Kughushi muhuri ni jinai, Kanuni ya Adhabu ipo wazi, na yule mzee tayari ana kesi. Lakini na wewe mleta uzi jiangalie. Sheria ya usajili wa wahandisi ya 1997 imeipa bodi uwezo wa kukufutia usajili, na kwenye maadili yenu usalama wa watu unakaa juu ya mteja. Siku ya siku swali litakuwa ulijua lini. Umejua leo asubuhi na umejiandikia mwenyewe hapa, ushahidi umeupandisha kwa bando lako. Kesho saa mbili peleka barua ERB, hiyo bodi yenu ya usajili, nakala halmashauri iliyotoa kibali, na nakala yako hakikisha imegongwa muhuri wa mapokezi.

Kokoto Nusu: Muhuri wa mapokezi usitafute mbali, cheki kwenye droo 😂😂

Chapa Fasta: Tunachonga mihuri ya aina zote, nusu saa tu, njoo PM.

Mleta uzi: Mods mnaona haya??

Babu wa Kisutu: Mnacheka. Machi 2013 lile jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa ghorofa 16, likadondoka Ijumaa Kuu asubuhi, watu 36 wakafa. Novemba 2024 Kariakoo tena, watu wamekaa chini ya kifusi wanapiga simu. Mimi tangu hapo nikipanga chumba naangalia kuta kabla ya choo. Hapa ninapokaa sasa kuna ufa unaingia kidole, mwenye nyumba kauziba na kalenda.

Mpangaji Sugu: Kalenda ya mwaka gani?

Babu wa Kisutu: 2019. Ufa umeshatokea upande wa Desemba.

Mchoraji Njaa: Afadhali wewe injinia wamekuibia muhuri. Mimi ramani yangu moja imejengwa Goba, Kibaha na Chanika, malipo niliyopata ni soda, na haikuwa ya baridi.

Mpangaji Sugu: Ni ile ya vyumba vitatu ya paa la kuficha?

Mchoraji Njaa: Ndiyo, uliionea wapi?

Mpangaji Sugu: Nalala humo! Kumbe ni wewe! Linavuja hilo paa masika nzima ndoo tatu sebuleni, tumekutafuta sana!

Mchoraji Njaa: Mimi nilichora mtaro wa maji na mabomba manne, fundi kaweka bomba moja. Waulize kina Karai.

Fundi Karai: Tajiri alinunua moja, ningezaa mengine?

Kokoto Nusu: Paa za kuficha zipigwe marufuku nchi hii. Kwangu mbao zimeoza mwaka wa pili tu.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Ile barua ya ERB nataja jina la mzee au namba ya kiwanja tu inatosha?

Mpangaji Sugu: Subiri kwanza tumalizane na huyu wa paa.

Mleta uzi: Sawa. Na mimi kwangu ni la kuficha, linavuja chumba cha watoto. Mlizibaje?