Bwana wa suti ya bluu amemhesabia mama yangu misumari ya jeneza mbele ya watu

Binti_wa_Umoja

Mikono bado inatetemeka, nitaandika hivyo hivyo. Mnamjua. Kama umewahi kupita mjini ukashikwa mkono na kijana anayekuuliza "mama, umepima afya leo?", basi ulishapandishwa orofa ya tatu kwake. Suti inang'aa hadi magari yanapunguza mwendo, viatu vya ncha ya kuua mende pembeni mwa ukuta. Huyo huyo.

Wiki mbili zilizopita mama alishikishwa kile chuma cha mashine yao. Mashine ikatapika kurasa kumi na nne: kongosho limelala, figo zimechoka, damu nzito. Hakutolewa hata tone! Damu inapimwaje uzito na haijaonekana? Akauziwa makopo matatu, shilingi 14,500, pesa ya chama, akaambiwa aache metformin, dawa yake ya kisukari, kwa sababu ni "kemikali". Jana usiku ameamka mara saba kunywa maji. Leo asubuhi kipimo cha sukari cha nyumbani kimesoma 21.3, juu mno.

Nikaenda naye kurudisha makopo. Bwana akaichukua karatasi yetu ya vidonge kwa upole, "hebu nione, mama," akaanza kuvifinya kimoja kimoja vidondoke mezani, tak, tak, huku anahesabu kwa sauti mbele ya watu kama thelathini: "Msumari wa kwanza wa jeneza. Msumari wa pili." Na watu wanapiga makofi! Cha sita kikabingirika chini ya viti. Mama yangu, miaka 63, magoti mabovu, akainama kukitafuta.

Akainama, jamani. Na makofi yanaendelea.

Halafu anatuambia yeye ni mtu wa mimea. Hicho kidonge cha metformin asili yake ni mmea! Galega officinalis, watu wa Ulaya waliutumia karne nyingi kwa mgonjwa wa kiu na kukojoa ovyo. Kiini chake kilishusha sukari lakini kilikuwa na sumu, kwa hiyo wanasayansi wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi, na 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha alivyowatibu watu wa kisukari nacho. 1998 Waingereza wakatoa matokeo ya utafiti wa miaka mingi: wagonjwa wanene waliopewa metformin walikufa wachache kuliko waliotegemea mpango wa chakula. Hiyo ndiyo misumari yake! Na kopo lake mwenyewe, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, limeandikwa kwamba halikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Nimelisoma ndani ya matatu tukirudi, mama ameegemea dirisha.

Msumari wa sita. Akainama.

Msee_wa_Steji

Huyo namjua vizuri! Mimi navuta sigara, akaniuzia vidonge vya karoti "vya kusafisha mapafu". Binamu yangu anasomea uuguzi, akanionyesha utafiti wa Finland: wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, wengine hawakupewa. Matokeo yakatoka 1994, waliomeza walipata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Nilikuwa nimemaliza makopo mawili. Pole kwa mathe.

Kucha_Nyekundu

Ngojeni kwanza. Binti, si wewe ulikuwa ukituuzia unga wa mlonge humu humu? Ulinitumia namba ya kulipia hata kabla sijakusalimia.

Binti_wa_Umoja

Mlonge ni mboga! Nilikuuzia majani makavu kwa mia mbili, sikukwambia umwachishe mtu dawa. Na sikumwinamisha mama yako chini ya viti.

Kucha_Nyekundu

Uliandika "unatibu presha". Picha ninayo.

Nesi_wa_Usiku

Dada, mrudishe mama kliniki leo, si kesho. 21.3 na kiu ya namna hiyo si ya kungoja. Ukifika omba pia apimwe vitamini B12, kwa sababu metformin ikitumika miaka mingi huweza kuishusha, na hapo nyongeza, yaani vitamini na madini ya kumeza, huwa na kazi ya kweli. Nasema hivi maana naona watu wanataka kuchoma msitu mzima. Foliki, aina ya vitamini B, ilipimwa: utafiti wa 1991 kwa akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo ulionyesha inazuia sehemu kubwa ya kasoro hizo zisirudi, ila imezwe kabla ya mimba na mwanzoni mwake. Zinki pamoja na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa mtoto anayeharisha, WHO na UNICEF wanaipendekeza tangu 2004. Hata kile kidonge cha vitamini A tunachokata ncha na kumkamulia mtoto mdomoni kila miezi sita ni nyongeza.

Binti_wa_Umoja

Kwa hiyo unamtetea? B12 hakuitaja! Alihesabu misumari! Tuko njiani kliniki tayari.

Nesi_wa_Usiku

Simtetei hata kidogo, mpenzi. Beba na hayo makopo, daktari ayaone.

Baba_Wawili

Afadhali yako wewe. Duka la dawa la mtaani kwetu, ukipiga chafya tu umefungiwa antibiotiki na multivitamini, elfu moja mia mbili. Mafua ni virusi, antibiotiki zinaenda kufanya nini huko? Nikiuliza naambiwa mimi mjuaji.

Gome_la_Muiri

Nyinyi mnadharau miti yetu na Wazungu wanaichukua. Gome la muiri linauzwa Ulaya kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba, na majaribio yalionyesha linapunguza kidogo kule kuamka kukojoa usiku. Limechunwa hadi 1995 mti ukawekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwetu mlimani nimeona muiri umekauka umesimama, umevuliwa gome kutoka mizizi hadi matawi. Hilo ndilo la kulalamikia.

Msee_wa_Steji

Mzee, ule ulipimwa. Hii ya suti imepimwa na nani?

Shosho_Mtandaoni

Mmesahau Loliondo kule Tanzania, 2011, yule babu aliyewanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi? Kaka yangu aliuza ng'ombe apate nauli, na kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Walilala kwenye foleni siku tatu. Alirudi ametupa dawa zake zote, tukamzika kabla ya Krismasi.

Baba_Wawili

Pole sana, shosho. Foleni ile ilikuwa ya kutisha.

Kucha_Nyekundu

Foleni ni barabara ya Outering sasa hivi. Nimekaa saa nzima na nusu, na makanga amepandisha hadi 150 eti mvua.

Msee_wa_Steji

Wewe una bahati, sisi ni 200 na tumesimamishwa kama magunia.

Binti_wa_Umoja

Mama amelazwa, amewekewa maji kwenye mshipa. Ameniuliza kama nilikiokota kile kidonge cha sita.

Gome_la_Muiri

200 kutoka wapi hadi wapi?

Msee_wa_Steji

Mjini hadi Kayole. Na hajarudisha chenji.