Naomba ushauri: kanzidata gani ya vinasaba haina usumbufu mwingi?

Mpole wa Njiro
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Niko mwaka wa pili wa masta, chuo kimoja huku Arusha. Utafiti wangu ni wa ndigana kali ya ng'ombe, sampuli za Monduli. Tasnifu nimeshaiandika yote, kimebaki kitu kimoja: supavaiza anataka kila sikwensi (ule mfuatano wa herufi za vinasaba) iwe na namba ya usajili kwenye kanzidata ya kimataifa, la sivyo hasaini. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiacha GenBank ya Marekani, kuna kanzidata gani ya bure inayotoa namba haraka na haina maswali mengi? Nasikia ipo ya Japani. Usingizi sipati wakuu. Naomba tusitukanane.

Chapati Mbili
GenBank wanakopesha bila dhamana? Nina kiwanja Kisongo, hati bado.

Josho la Kijiji
Ndigana hiyo isikie tu kwa jirani. Mwaka jana nilizika mitamba mitatu ndani ya wiki mbili, tezi zimevimba chini ya masikio kama ndimu. Dawa ya kuogesha tunabadilisha kila msimu, kupe wanatuangalia tu. Wewe mtafiti, wale kupe wa kahawia wanaokaa masikioni wameshaizoea dawa au sisi ndio tunachanganya maji mengi?

Bibi Maktaba
Mwanangu, anza na Hinari. Ilianza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na taasisi za nchi kama yetu zinasoma majarida makubwa bila kulipa. Nenosiri ni la taasisi, si la mtu. Nasema hivyo kwa sababu miaka ile nikiwa maktaba huku Moshi, kijana mmoja alilibandika ukutani steshenari jirani na stendi, chini yake ameandika "kusoma makala 500". Wateja walipanga foleni! Tulikuja kugundua tulipofungiwa. Kwa mifugo na kilimo ipo AGORA, na PubMed haina nenosiri kabisa.

Mpole wa Njiro
Asante bibi, ila kusoma nimeshasoma. Mimi nataka kupeleka.

Fundi Pipeti
Niko maabara Moshi, hizi kazi ndizo zinaninunulia unga. Kwanza, GenBank ni bure, unapeleka kwa BankIt, fomu yao ya mtandaoni, ukiwa umekaa kitandani, na namba kwa kawaida inakuja ndani ya siku mbili za kazi. Una zaidi ya wiki. Kwa nini unaikimbia?

Pili, ya Japani ni DDBJ, ipo Mishima. Ya Ulaya ni ENA, ipo Hinxton, Uingereza. Hizo mbili na GenBank ni ndugu wa tumbo moja: zinabadilishana data kila siku. Ukiiweka Japani leo, siku si nyingi Marekani wanayo. Hakuna mlango wa nyuma hapo.

Ni jeni gani ulisoma, na mafaili ya ab1, yale ghafi ya mashine, unayo?

Mpole wa Njiro
Tp1 ya Theileria parva, kimelea cha ndigana. Sikwensi 9. Faili nilizo nazo ni za FASTA, herufi tupu. Sikatai GenBank, ila nasikia wanakagua sana. Na je, nikiomba zifichwe mpaka makala itoke, si inawezekana?

Fundi Pipeti
Inawezekana, unawapa tarehe. Ila namba ikishachapishwa mahali, wanafungua.

Umeruka swali langu. Mashine ya Sanger ya kusoma vinasaba haitoi herufi tupu. Inatoa faili la ab1 lenye vilele vya rangi nne, kila herufi na rangi yake. FASTA hata mimi naweza kuiandika kwa Notepad nikiwa nimebanwa kwenye Hiace. Weka picha ya kilele kimoja hapa, jina ficha.

Mwalimu Mstaafu
Vijana wa sasa mnataka digrii kama mnavyoagiza chipsi. Sisi tasnifu tulipiga taipureta na kaboni, ukikosea herufi moja ukurasa mzima unarudia. Heshima ya elimu ilikuwepo.

Chapati Mbili
Mwalimu shikamoo. Chipsi zenyewe siku hizi zinachelewa kuliko digrii.

Mpole wa Njiro
Haya, niseme ukweli, sina cha kuficha. Sampuli 36 za damu nilikusanya mwenyewe, nikatoa vinasaba mwenyewe. Wikendi ya Pasaka umeme ukakatika, jenereta haikuwashwa, friza ikayeyuka, kila kitu kikaharibika. Muda umeisha. Nikachukua sikwensi 9 za Tp1 zilizopo tayari GenBank, za ng'ombe wa ukanda huu huu wetu, nikabadilisha herufi chache chache. Sio wizi kama mnavyotaka kusema. Zile ni data za wazi, zimewekwa watu wazitumie. Na vimelea vyenyewe si vinabadilika? Hata ningesoma zangu zingefanana hivyo hivyo.

Fundi Pipeti
Ndiyo maana ulitaka kwenda Japani.

Sikiliza ndugu yangu. Programu ya BLAST ipo tangu 1990, na kazi yake ndiyo hiyo: unaipa sikwensi, inakuonyesha mwenzake wa karibu. Mtahini akibandika moja ya zako, baada ya dakika ataona imefanana na ya mtu mwingine kasoro herufi nne. Atajiuliza kwa nini zote tisa zina ndugu hivyo hivyo, tena ndugu wa makala ile ile. Halafu Tp1 ni jeni inayotengeneza protini, herufi zinasomwa tatu tatu. Ukigusa bila mpango unaweza kuzalisha TAA, TAG au TGA katikati, yaani protini inakatika njiani. GenBank wanaitafsiri wanapokagua. Hayo ndiyo "maswali mengi" uliyoyasikia.

Kuzitumia data za wazi ruksa kabisa. Andika namba zake za asili, taja waliozisoma, sema kazi yangu ni uchambuzi wa data zilizopo. Watu wanahitimu kwa hilo. Wewe umefuta jina la mwenye shamba ukaandika lako.

Mpole wa Njiro
Pendekezo langu lilipitishwa kwa sampuli za Monduli. Nikibadilisha sasa naanza upya kwenye kamati. Ni rahisi kusema ukiwa na mshahara.

Msaada wa Haraka
Tunaandika tasnifu, uchambuzi, masahihisho. Njoo inbox, siri 100%.

Bibi Maktaba
Wewe wa inbox pita kule.

Kipimajoto
Mimi nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai, wadau, leteni vitumbua. Mleta uzi anasema alishatoa vinasaba, kisha friza ikayeyuka siku tatu nne vikaharibika. Hivyo si maziwa! Vinasaba vilivyotolewa vizuri vinakaa mezani siku kadhaa na PCR, kile kipimo cha kuvizalisha nakala, inatoka. Watu wanavikausha wanavituma kwa posta. Mtu aliyevitoa kwa mikono yake hawezi kushindwa kulijua hilo. Ama hajawahi kushika pipeti, ama anatupima imani.

Josho la Kijiji
Kumbe hata Monduli hajafika? Na mimi nimemwaga mambo ya mitamba yangu hapa.

Chapati Mbili
Nilijua. Mtu wa Njiro halafu mpole?

Fundi Pipeti
Kipimajoto yuko sahihi, nimeaibika, nilipaswa kuiona mimi. Mpole, sampuli ziko wapi?

Mpole wa Njiro
(Nimeandika na kufuta mara tatu.)

Zipo. Friza haikuzima. Zote 36 zipo rafu ya chini, kwenye boksi la kadibodi lenye jina langu. Sikuwahi kuzipeleka kusomwa. Hela ya praima (vianzishi vya PCR) na ya kusoma, milioni moja na laki mbili, niliiweka kwenye vitunguu vya Mang'ola nivipeleke Namanga, niirudishe ndani ya mwezi na faida juu. Bei ikaanguka njiani. Vingine vikaota kwenye magunia. Stori ya friza nilimwambia kaka yangu kwanza, ikakaa vizuri, nikaendelea nayo.

Chapati Mbili
Sasa uzi umenoga. Gunia ulinunua kwa bei gani?

Josho la Kijiji
Vitunguu vya kusafirisha vinakaushwa shingo kwanza, kijana. Ulivipakia vibichi. Shemeji yangu yalimkuta hayo hayo akauza pikipiki.

Mwalimu Mstaafu
Bado nasema, taipureta.

Fundi Pipeti
Jamani vitunguu baadaye. Mpole, zile tisa zifute usiku huu, usije ukazibandika popote kwa uchovu. Zako si lazima zisomwe zote 36. Piga PCR zote, zitakazotoa mstari mzuri chagua tisa kumi upeleke. Hela inapungua sana. Ila Ijumaa haiwezekani, hilo mwambie mwenyewe supavaiza kabla hajasikia kwa mwingine.

Mpole wa Njiro
Nikimtajia vitunguu ananifukuza.

Bibi Maktaba
Mtajie sampuli kwanza, mwanangu. Vitunguu ataviuliza mwenyewe.

Mpole wa Njiro
Mrejesho. Nimetoka ofisini kwake sasa hivi. Nilimweleza yote, na Mang'ola pia. Hakusema neno kama dakika mbili hivi. Akauliza boksi liko rafu ya ngapi, akachukua funguo.

Kipimajoto
Weka picha ya boksi.