Mashua ya tanga futi 22: mashine ya nguvu za farasi 6, 9.9 au 15?

Bahari_Tudor
Wandugu, salamu. Nina mashua ya tanga ya futi 22. Na watu wanne ndani, uzito wote ni tani moja na robo hivi. Naifunga hori la Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, na siku nzuri hupita Fort Jesus nikatoka nje ya mwamba. Nataka mashine ya kunirudisha upepo ukikata. Muuzaji ashikilia 15. Mwasemaje?

Fundi_Mtongwe
Iache 15, kaka. Mashua ya tanga haipandi juu ya maji kama spidiboti. Tumbo lake lalima maji, na mwisho wa mwendo wake watokana na urefu wake majini. Ikiwa futi 20 zimegusa maji, mwisho ni kama maili 6 za bahari kwa saa. Ukizidisha farasi, tezi, yaani nyuma ya mashua, yadidimia, petroli yaisha, na mwendo ni ule ule. Sisi hukadiria farasi 4 kwa tani. 6 yakutosha.

Nahodha_Kibokoni
Yatosha maji yakiwa mafu, mkondo hafifu. Lakini rudi siku ya bamvua, maji makuu ya mwezi mpya au mpevu, nayo yapwa, mkondo wa hori zima wakujia usoni! Au utoke nje Julai, upepo wa kusi umeshika: hata tanga likiwa chini, mlingoti na kamba vyashika upepo. Mimi nasema 9.9, uiendeshe taratibu na akiba unayo.

Fundi_Mtongwe
Nahodha, kwa mkondo nakubali. Ila 6 ina kilo 26 hivi, 9.9 yakaribia 40, na zote zaning'inia tezini. Kwa hori na kutoka kidogo, bado nasema 6. Na asinunue 4 akidhani ni nyepesi: kwa kampuni nyingi 4, 5 na 6 ni mwili mmoja.

Binti_Mtwapa
Mbona hamjataja shafti, ule mguu wa mashine ushukao majini? Fupi ni inchi 15, ndefu 20. Chukua ndefu, kaka, farasi zozote utakazochagua. Wimbi likiinua tezi, panga lizungukalo chini ya shafti fupi hutoka majini, mashine ikalia na mashua isiende. Omba na panga la kusukuma mzigo, si la mbio.

Bahari_Tudor
Shukrani dada. Basi kesho napima ubao wa tezi.

Binti_Mtwapa
Pima watu wakiwa ndani, na wawili wasimame omo, mbele ya mashua, kama wanaoshusha tanga. Hapo ndipo tezi huinuka zaidi, na ndipo mashine huhitajika. Bati lililo juu ya panga libaki chini ya maji.