Bosi wetu wa maabara hapa Tabora leo kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Sitaji jina. Mnamjua. Yule yule anayefungia glavu kwenye droo, ufunguo kauvaa shingoni.

Eti "Mtoto wa Urambo, umekulia kwenye bani la tumbaku, leo moshi unakushinda?" Bani, yaani lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Mbele ya wanafunzi wa fildi! Wakacheka! Mmoja alikaa chini kabisa!

Mashine yetu ya kupima metali kwenye udongo inawaka kwa asetilini, moto wa digrii kama 2,300. Mvuke wake unatakiwa upande bomba la chuma utokee juu ya paa. Letu ni la plastiki, lile la maji machafu, limelainika limepinda kama shingo ya bata, na mdomo umeishia darini. Dari ya wapi? Ya chumba cha chai! Nimekunywa chai ya risasi na kadimiamu hadi nikikohoa natarajia msumari.

Leo tunachemsha sampuli kwa asidi ya nitriki, ule moshi wa kahawia ukajaa. Nikasema kwa adabu, "Shikamoo mzee, feni haivuti." Marahaba hakuitikia. Mtoto wa Urambo. Bani la tumbaku.

Na bani lenyewe lina bomba, jamani! Babu yangu hajamaliza darasa la pili, ila moshi wa bani lake unapita bombani unatoka nje, haugusi jani. Jani la tumbaku lina thamani kuliko mapafu yangu!

Fundi_Bomba: Feni iko wapi? Iwe mwisho kabisa, juu ya paa, ivute. Ikikaa huku chini inasukuma, kila kiungo kinavujia ndani.

Mtoa mada: Ni feni ya chooni mkuu. Ila hoja si feni. KASEMA MTOTO WA URAMBO.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, moshi wa kahawia si wa kuchezea. Kifua kinaweza kubana saa nyingi baadaye. Nenda hospitali.

Mtoa mada: Kimebana tangu aliponiita mtoto wa Urambo.

Mnyamwezi_Asilia: Kwani si kweli unatoka Urambo? 😂

Mtoa mada: NATOKA KALIUA.

Mnyamwezi_Asilia: 😂😂😂 Kaliua si ilikuwa Urambo hiyo hiyo hadi 2012? Mzee yuko sahihi.

Asali_Mbichi: Acha dharau, Kaliua ni wilaya kamili.

Dagaa_wa_Kibirizi: Mnalia na vimoshi vya maabara. Huku Kigoma saluni imeweka jenereta dirishani kwangu. Mwenye nyumba kanishauri nihamishe kitanda.

Asali_Mbichi: Afadhali wewe. Mimi wamefungua banda la kitimoto ukutani kwangu, nguo zote zinanukia mafuta.

Mtoa mada: Jamani, bomba?

Dagaa_wa_Kibirizi: Hicho kitimoto ni mtaa gani? Nashuka na treni Ijumaa.

Asali_Mbichi: Njoo PM.