Naomba ushauri: nitamleaje kikazi mwalimu aliyenizidi uzoefu?

Habari zenu wakuu. Nimepewa kuongoza walimu katika shule ya awali ya kimataifa, watoto wa miaka 3 hadi 5. Sehemu ya kazi yangu ni kuwalea walimu kikazi: naingia darasani, naangalia, kisha tunakaa kuzungumza.

Wapya hawanisumbui. Shida ni mama mmoja aliyenizidi umri na uzoefu, tena amesomea Montessori, ule mfumo wa kufundisha unaomwacha mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe. Yeye anaamini mtoto aachwe na kazi yake mpaka aimalize mwenyewe. Mwenzake wa darasa hilohilo, aliyetoka nchi nyingine, kila baada ya dakika 20 anapiga makofi na kuwakusanya wote mkekani. Watoto wamebaki njia panda. Nikiingia na daftari langu, mama huyu ananyamaza na kubadilika kabisa, kama anayekaguliwa. (Na kusema kweli, fomu ninayojaza ndiyo hiyohiyo inayotumika kuwapima walimu mwisho wa mwaka.)

Nafikiria kuiweka fomu kando, nimwombe yeye kwanza aje aniangalie mimi nikifundisha. Je, nitaonekana dhaifu? Na hao wawili niwakalishe pamoja, au kila mmoja peke yake? Mliopitia haya naomba mnisaidie.