Ramani ya setilaiti inatosha kuitia nchi hatiani kwa moshi?

Kijiti: Wadau, kila msimu wa moto wa misitu zinasambaa ramani za setilaiti zinazopima kaboni monoksaidi angani. Nchi ikishapakwa nyekundu, imehukumiwa, hata wakili hajaitwa. Singapore wana sheria tangu 2014 inayomgusa hata aliye nje ya nchi, moshi wake ukivuka mpaka. Tukifika huko dunia nzima, je, ramani peke yake itoshe kuwa ushahidi? Mimi nasema haitoshi. Chombo kiko kilomita 700 na ushee juu, halafu kinamnyooshea mtu kidole huku chini.

Tanuri: Inatosha na inabaki. Gesi hii hutoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, na hukaa angani wiki kadhaa hadi miezi kama miwili, kwa hiyo unaifuata inakokwenda. Hewa ukaa huwezi kuifuata hivyo, imeshazidi sehemu 400 kwa milioni na ya moto inapotelea humo. Monoksaidi katika hewa safi ni sehemu 50 hadi 100 na kidogo kwa bilioni, moto mkubwa hauna pa kujificha. TROPOMI, chombo cha setilaiti kinachopima gesi, ipo juu tangu Oktoba 2017 na inaipitia karibu dunia nzima kila siku. Na tuache unafiki, bara linaloongoza kwa kuungua ni Afrika. Kama theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kwa mwaka ni huko.

Binti Hoja: Unafiki wa nani? Nilijua tu tutafika Afrika, ila sikudhani ni kwenye jibu la kwanza! Nyasi za savana zinaungua, mvua ikinyesha zinaota tena na kuivuta ileile hewa ukaa. Unalinganishaje na msitu wa miaka mia mbili?

Mpekuzi: Tena nyasi kavu zinawaka kwa ndimi, zinaisha. Kilo moja inatoa gramu 60 hivi za monoksaidi. Njoo kwenye peti, ule udongo mweusi wa vinamasi: unafuka chinichini kwa wiki nyingi, na kilo moja inatoa zaidi ya gramu 200. Ndiyo maana Indonesia 2015, mwaka wa El Niño, ilitisha vile. Hekta si hekta, mkuu.

Tanuri: Sikutaja savana, wala mfugaji, wala kiberiti cha mtu. Nimetaja eneo. Mwaka 1981 chombo cha kupima gesi cha MAPS kilipanda na chombo cha anga Columbia cha Marekani, kikakuta monoksaidi nyingi juu ya tropiki, wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye viwanda na magari ya kaskazini. Nao walikuwa na chuki na Afrika?

Binti Hoja: Sijasema chuki, hilo umelileta mwenyewe. Nauliza kwa nini neno unafiki halikutumika Canada walipounguza ile 2022 mpaka New York ikawa rangi ya chungwa.

Mzee wa Zamu: 2023, mwanangu, mwezi Juni. Kama hekta milioni 15 mwaka ule, na moshi ukafika hadi Ulaya.

Binti Hoja: Shikamoo mzee. Haya, 2023. Hoja iko palepale.

Mzee wa Zamu: Marahaba. Turudi kwa Kijiti, maana ameachwa njiani. Ramani nyingi zilizosambaa wakati wa moto wa Amazon 2019 zilikuwa za AIRS, chombo kilicho kwenye setilaiti ya Aqua. Kile huona vizuri kwenye kimo cha kilomita 5 hivi. Nyekundu ile ni moshi uliokwisha kupanda na kuchukuliwa na upepo, si lazima wa pale chini yake. Agosti 2021 moshi wa Siberia ulifika Ncha ya Kaskazini. Tumshtaki nani, barafu?

Kijiti: Asante mzee, ndicho nilichokuwa nasema.

Tanuri: Mzee, kwa heshima, hiyo ni AIRS. TROPOMI inasoma mwanga wa jua ulioakisiwa na ardhi, mawimbi ya mikromita 2.3, kwa hiyo inahesabu gesi yote kutoka juu hadi chini.

Mzee wa Zamu: Yote kwa pamoja, naam, bila kukuambia iko kimo gani. Kujua imetoka wapi unarudi kwenye mfano wa kompyuta na hesabu za upepo. Na chombo chenyewe kinakaguliwa kwa vituo vya ardhini vinavyolenga jua. Afrika mnayogombania vituo hivyo ni vya kutafuta kwa tochi. Wakili mzuri ataanzia hapo.

Binti Hoja: Kwa hiyo tunahukumiwa na mizani ambayo kwetu haijakaguliwa vya kutosha. Tanuri umesikia?

Tanuri: Nimesikia unavyopenda kuhukumiwa. Hakuna aliyekushtaki.

Mpekuzi: Kuna jambo hulisemi lakini. Kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani lilipungua karibu robo, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni savana za Afrika zilizogeuzwa mashamba. Bara "linaloongoza" ndilo lililopunguza.

Tanuri: Kulima savana nako unakuita kupunguza? Halafu eneo likishuka haina maana monoksaidi inashuka kwa kiasi hichohicho. Msitu mmoja wa kaskazini ukifuka unafunika hekta nyingi mno za nyasi.

Mpekuzi: Basi eneo si kipimo. Wewe ndiye uliyetuletea theluthi mbili.

Tanuri: Soma tena nilichoandika, taratibu.

Karani: Samahani nimechelewa. Wingu likitanda setilaiti inaona nini?

Mzee wa Zamu: Wingu zito likitanda inaona juu ya wingu tu. Na TROPOMI hupita mara moja kwa siku, saa saba na nusu mchana. Moto wa usiku hauukuti ukiwaka, unakuta moshi wake kesho.

Binti Hoja: Karani usimtoroshe Tanuri, bado hajajibu ya Canada.