Naomba ushauri: mdogo wangu anaugua ozena, pua inasinyaa kwa ndani

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa kwa wauguzi, madaktari na yeyote aliyewahi kuuguza tatizo hili.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 23, tunaishi Dodoma. Huu ni mwaka wa tatu pua yake inatoa magamba makavu ya kijani, mara nyingine na damu, na harufu kali. Mwenyewe haisikii, maana uwezo wa kunusa umepotea. Anaijua kwa jinsi watu wanavyomkwepa kwenye daladala. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kwaya ameacha.

Analalamika pua imeziba, lakini daktari alipochungulia alikuta njia ni pana kupita kawaida, utando na vinyama vya ndani vimesinyaa. Akasema ni ozena. Si uchafu wala laana, kama majirani wanavyodai.

Mwanzoni tulipewa dawa za mzio, hazikusaidia. Sasa anaosha pua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, kisha anaweka matone ya glukosi na gliserini. Dozi ya siprofloksasini (antibiotiki) ameimaliza. Harufu imepungua, ila akikosa kuosha siku mbili tu magamba yanarudi.

Je, kuna aliyepata nafuu ya muda mrefu kwa kuosha peke yake, na alikuwa anaosha mara ngapi?

Pia daktari ametaja upasuaji wa kuziba tundu la pua kwa miezi kadhaa ili utando upone. Aliyefanyiwa, lilipofunguliwa ugonjwa ulirudi?

Natanguliza shukrani.